Maji Yana Miguu

Kambi ya Pili, Shamba la Miwa,
Chini ya Moshi
18 Agosti 1974

Mwanangu Alute,

Pokea salamu zangu wewe na mama yako. Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kwa ajili ya masizi. Miwa huchomwa moto kwanza ili majani yaishe, halafu sisi tunaingia kukata, basi jioni ukipenga kamasi inatoka nyeusi kama wino. Lakini nakula, nalala, namshukuru Mungu. Mwambie mama yako blanketi alilonishonea viraka bado linanifaa.

Barua yako imefika. Unasema Mwalimu Fabiano amekuchagua kukimbia mbio za mkoa siku ya Uhuru, kutoka Puma mpaka uwanjani Singida, na watakaofanya vizuri watapelekwa kambini Dar es Salaam kujifunza kukimbia kwa ajili ya taifa. Nimefurahi. Niliisoma mara mbili, halafu nikamsomea Idrissa ambaye nalala naye chumba kimoja. Lakini kuna jambo moja ndani yake limenishtua. Unasema mbio zitaanza mchana baada ya hotuba hapo Puma, ili mgeni rasmi atangulie Singida aone mwisho wake. Mchana, Alute? Mwezi wa kumi na mbili, na kama mvua imechelewa je?

Nakuandikia kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Hapa kuna kijana anaitwa Antipasi, mtu wa Mitundu huko Itigi, mwenye mwili kama dume la ng'ombe. Yeye alikuwa anaanza kazi kwa nguvu zote, anatucheka sisi wazee. Wiki mbili zilizopita, jua likiwa kali na moto wa miwa bado unatoka ardhini, alisimama akaacha panga lianguke. Nilimwendea. Alikuwa mkavu. Hakuna jasho hata tone, na ngozi yake ilichoma mkono wangu. Akanitazama akaniita mama. Akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Halafu akaanguka.

Tulimburuta mpaka mferejini tukamlaza kwenye maji. Hakufa. Lakini mpaka leo hawezi kusimama juani, wamempa kazi ya kufagia kambi. Mtu mwenye miaka ishirini na mbili anafagia kambi. Sijawahi kuona jua likimvunja mtu namna hiyo, na tangu siku ile usingizi wangu si mzuri.

Sasa nisikilize. Idrissa ni mkata miwa wa zamani kuliko sisi wote. Kila siku kabla hatujaingia mara ya pili, lile jua la saa nne na kuendelea, yeye hukaa mferejini. Maji yale yanatoka mlimani, ni ya baridi. Nilipokuwa mgeni nilimuuliza, "Mzee, mbona unaoga kabla ya kuchafuka?" Akasema, "Wewe utaoga ukishakufa." Watu wakacheka mpaka nyapara akaja. Lakini jioni alinieleza. Alisema, weka sufuria mbili jikoni, moja ina maji ya mtungini na nyingine ina maji ya vuguvugu. Ipi itachemka mwanzo? Mwili ni hivyo hivyo. Ukianza kazi ukiwa umepoa, unachelewa kuchemka. Ukingoja uchemke ndipo utafute maji, umechelewa.

Basi fanya hivi. Kabla ya mazoezi ya mchana ingiza miguu kwenye maji, na mikono mpaka kwenye viwiko. Lowesha gunia uweke shingoni na kifuani. Kunywa uji uliopoa wenye chumvi kidogo, polepole. Kaa hivyo mpaka ngozi iwe baridi, lakini meno yasigongane. Ukitetemeka umezidisha, na misuli itakaza. Halafu toka, anza taratibu, usiende kama Antipasi.

Kama unaweza kukaa ndani ya maji mwili mzima, ni bora zaidi.

Ni mimi baba yako,
Ezekieli


Issuna
22 Septemba 1974

Mpendwa baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mama hajambo. Anasema mbuzi mwekundu amezaa mapacha, na anauliza kama kifua chako umekipaka mafuta ya kondoo aliyokutumia.

Habari za hapa ni kwamba tumehamia barabarani kwa amri ya serikali, kama wengine wote. Tumebomoa tembe tukabeba nguzo, na sasa nyumba zetu zimepangwa mstari mmoja. Shule iko karibu. Mashamba na korongo ndiyo yamekuwa mbali. Uwele wa mwaka huu ulikuwa kidogo sana. Punda alikufa mwezi wa saba, nadhani sikukuandikia.

Baba, barua yako nimeifuata. Watu wa barabara waliacha pipa la lami, nikalikata nusu, nikalichoma na kulisugua kwa mchanga mpaka harufu ikaisha. Naliweka kivulini nyuma ya nyumba. Kabla ya mazoezi nakaa ndani na gunia shingoni, kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilizidisha, nikatoka natetemeka. Mwalimu Fabiano akaniuliza, "Alute, hiyo ni baridi au ni woga wa mbio?" Nikamwambia baba yangu amesema. Akasema, "Basi baba yako hajakuambia utoke mapema?" Siku hizi natoka mapema.

Na inafaa, baba. Zamani nikikimbia mchana nilikuwa nafika kwenye mwamba mkubwa wa njia ya Ikungi nimeshika magoti, kichwa kinagonga. Sasa naupita mwamba ule bado nina pumzi, na kurudi narudi mbio. Mama alisimama mlangoni akaniona nikirudi. Kisha akaingia ndani.

Wenzangu wananiita Kambale. Nikipita wanasema, "Kambale katoka majini, mleteeni chumvi." Siwajali.

Mimi mwanao,
Alute


Kambi ya Pili
10 Oktoba 1974

Mwanangu Alute,

Salamu kwenu nyote. Mapacha wa mbuzi nimewasikia, Mungu awakuze. Mafuta ya kondoo nimeyapaka, yamebaki kidogo.

Barua yako nimeisoma kambini kwa sauti. Nilipofika pale unapoupita mwamba, Idrissa alipiga paja lake akasema, "Huyo ni mwanafunzi wangu, mwambieni hivyo huko Dar es Salaam." Hata Antipasi aliacha ufagio akaja kusikiliza. Aliniuliza kama unatoka jasho vizuri. Nikamwambia sijui, nitauliza. Basi niambie.

Nakupa maagizo mengine. Kwanza, maji yasikae. Maji yaliyolala kwenye pipa la chuma yanashika joto, na ukikaa ndani yake ni kazi bure. Yawe mapya kila siku. Pili, nusu pipa linakufika wapi? Kama ni kiunoni halitoshi. Tafuta la pili lenye kina zaidi, maji yafike kifuani. Hapa mferejini yananifika kifuani nikikaa, na ndiyo maana nimekata miwa miaka kumi na miwili na bado niko hai. Tatu, mbio zikikaribia fanya mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, ili mwili uzoee.

Nikikumbuka kwamba mtoto wangu anaweza kuvaa nguo za taifa, hata panga linakuwa jepesi. Mimi niliacha shule darasa la nne, mwisho nikaja kuvuta masizi. Wewe kimbia.

Mama yako apokee salamu za peke yake.

Ni mimi baba yako,
Ezekieli


Issuna
3 Novemba 1974

Mpendwa baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua bado. Mawingu yanakuja jioni, upepo unayaondoa.

Barua yako tuliipata. Maji mapya kila siku tulijaribu. Kwa sasa nimeacha pipa, natumia njia nyingine, nayo inafaa pia. Jasho natoka vizuri, mwambie huyo ndugu wa Mitundu.

Mama anakusalimu. Kwa leo hana neno jingine la kukutumia. Amekaa tu.

Mwalimu anasema mbio ziko pale pale.

Mimi mwanao,
Alute


Kambi ya Pili
20 Novemba 1974

Alute,

Sina salamu ndefu leo.

Jumapili amefika hapa kijana wa jirani yetu Andrea, ametoka huko kutafuta kazi. Walimleta kwangu kwa sababu ni wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimekaa mferejini, maji kifuani, nikifua. Nikamkaribisha, nikamuuliza habari za mvua, za uwele, za wazee. Halafu nikamuuliza, "Na mama Alute umemwacha hajambo?" Akasema, "Anaendelea, baba. Mguu wamemfunga mbao." Nikasema, "Mbao gani?" Akatazama chini akasema, "Kwani hukuandikiwa?"

Sikuandikiwa. Mke wangu amefukiwa na mchanga ndani ya kisima, na mimi nimesoma barua inayosema amekaa tu.

Kijana amenieleza alichokijua. Kwamba mama yako alikuwa anateka maji korongoni kwa ajili ya pipa lako. Kwamba alikwenda mchana, peke yake, saa ambayo kisima kinapumzika na hakuna mtu anayeruhusiwa kushuka. Kwamba kingo zilishuka juu yake. Nilimwambia arudie. Akarudia. Bado sikuelewa, nikamuuliza, maji ya pipa? Akasema, "Ndiyo baba, ya yule Kambale." Halafu akakumbuka kwamba Kambale ni mwanangu, akaomba radhi.

Nilitoka mferejini. Sijakaa humo tena tangu siku hiyo. Idrissa amenisema sana, anasema nitaanguka kama Antipasi. Nimemwambia sitaki maji.

Mimi nilikuandikia maji yawe mapya kila siku. Niliandika kwa mkono huu. Niliandika utafute pipa la pili. Hapa maji yanakuja yenyewe, usiku na mchana, yanapita mlangoni hata ukiwa umelala, na mimi nimekaa hapa mpaka nimesahau kwamba kwetu maji yana miguu, na miguu hiyo ni ya mama yako. Nimeshangaa, mwanangu. Nimejishangaa mimi kuliko ninavyokushangaa wewe. Lakini na wewe ulikuwa huko. Mimi nilisahau, wewe ulimwona akirudi na mtungi kichwani kila siku, ukaingia pipani. Uliwezaje?

Niambie ukweli wote. Mguu ukoje? Anasimama? Nani anateka maji sasa? Kama ni mtoto wa mtu mwingine anawatekea, acha mara moja, kateke wewe. Najua watakucheka. Mwanamume wa Kinyaturu na maji ni kicheko cha kijiji kizima, najua. Wacheke.

Na mbio hizo nakukataza, mpaka mama yako mwenyewe atamke kwa mdomo wake kwamba ukimbie. Asipotamka, siku ya Uhuru ukae nyumbani umpikie uji.

Baba yako,
Ezekieli


Issuna
2 Desemba 1974

Mpendwa baba,

Shikamoo baba. Barua yako ilifika juzi. Nilimsomea mama yote, hata zile sehemu nilizotaka kuziruka, kwa sababu alikuwa ananitazama midomo. Nakuandikia ukweli.

Mwanzoni nilikuwa sijui ni maji kiasi gani. Naamka, pipa limejaa. Niliona ni jambo la kawaida kama ugali kuwepo. Baba, tangu nizaliwe sijawahi kuuliza maji yametoka wapi, yako mtungini tu. Mama alikuwa anakwenda alfajiri kwa ajili ya kupikia na mbuzi, na jioni kwa ajili ya pipa. Maji niliyokwisha kukalia hakuyamwaga, aliwanyweshea mbuzi. Halafu ikaja barua yako ya maji mapya na pipa la pili. Nilimsomea. Akasema, "Sawa."

Unajua sheria ya visima vya korongoni. Mchana kisima kinaachwa ili maji yajikusanye na kingo zikauke. Jioni foleni ni ndefu, na kila nyumba ina zamu moja tu. Kwa hiyo maji ya pipa la pili hayakuwa na zamu. Mama akaenda mchana wakati wote wamelala kivulini. Maji yalikuwa kidogo, akachimba chini zaidi, peke yake. Ukuta wa mchanga ukashuka ukamfunika mpaka kifuani.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa pipani, baba. Nilikuwa nangoja ngozi iwe baridi.

Mama Dorkas ndiye aliyemsikia. Alikuwa anamtafuta mbuzi aliyepotea. Alipiga yowe, wanawake wakaja na majembe, wakamfukua kwa mikono walipokaribia mwili. Mimi nilifika nimelowa, maji yananidondoka. Mama Dorkas alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Akasema, "Mwenye maji amefika." Hakuna aliyecheka. Sikuwahi kusikia neno zito kama hilo, na lilikuwa maneno matatu tu.

Mguu umevunjika chini ya goti. Mganga wa zahanati alimfunga mbao, na akasema mfupa umekaa vizuri. Sasa anasimama kwa fimbo.

Kisima kilikuwa kimeharibika, na sheria ni kwamba aliyekibomoa ndiye anayekifukua. Mama hakuweza, kwa hiyo kesho yake nilikwenda mimi. Wanawake walikaa juu ukingoni, wakanitazama kama watu walioona fisi amevaa kanga. Nilichimba tangu alfajiri. Walianza kunisema. "Bibi harusi, chimba, mume anataka chai." "Angalieni kiuno chake, hakijawahi kuinama." Mmoja akanitupia ngata akasema nijaribu kubeba kwa kichwa. Nilijaribu, debe likanimwagikia lote, hapo ndipo waliponicheka mpaka wengine wakakaa chini. Siku hiyo Mama Dorkas alinifundisha kutumia mzega, madebe mawili na mti begani. Ndivyo ninavyoteka mpaka leo, zamu ya mama ya alfajiri na ya jioni. Hakuna mtoto wa mtu anayetutekea.

Kwa hiyo agizo lako la kwenda kisimani lilinikuta niko kisimani. Nakuambia si kwa kujisifu, nakuambia ili ulale.

Na ile njia nyingine niliyoiandika ni hii. Ukishuka chini kabisa kungoja maji yajae kwenye kibuyu, unasimama kwenye mchanga mbichi. Ni wa baridi, baba, baridi kuliko pipa. Unazama mpaka mapajani, mikono nayo iko kwenye mchanga mpaka viwikoni kwa sababu unachota. Hakuna tone linalopotea. Nikitoka naacha madebe nyumbani, nakimbia hapo hapo kabla joto halijanirudia. Jua linanikuta njiani nikiwa bado nimepoa.

Kuhusu mbio, nilimuuliza mama. Nilimwambia baba amekataza mpaka utamke. Akasema, "Nitatamka siku yenyewe." Nikamuuliza, sasa Mwalimu nimwambie nini? Akasema, "Mwambie mama yako bado anafikiri." Basi sijui. Jibu lako halitafika kabla ya siku hiyo.

Mimi mwanao,
Alute


Issuna
19 Desemba 1974

Baba Alute,

Salamu. Usishtuke. Ni mimi Luciana naandika. Hakuna anayenishikia mkono. Tangu nivunjike mguu nakaa darasa la watu wazima kila jioni, maana kukaa ndiyo kazi niliyobaki nayo. Herufi zangu ni kubwa, utazoea. Barua hii nimeiandika siku tatu.

Mguu unauma mvua ikikaribia. Mvua imekaribia. Jana ilinyesha kidogo.

Sasa nakueleza siku ya Uhuru, maana najua unangoja hiyo.

Tulikwenda Puma kwa lori la kijiji. Mimi na Mama Dorkas na wanawake wa kisimani. Walinipakia kama gunia. Tulikuwa na debe moja la maji, tumelifunika gunia bichi ili yasipate joto. Hayo maji si yangu peke yangu. Kila mwanamke alitoa kibuyu kimoja kutoka zamu yake. Mimi sikuwaomba. Mama Dorkas alipita nyumba kwa nyumba akasema, Kambale anakimbia, toeni.

Hotuba zilikuwa ndefu. Wakimbiaji wamesimama juani wamepangwa mstari, hawaruhusiwi kutoka. Wengine walianza kuyumba kabla ya mbio. Hotuba ya mwisho ilipoanza nikamwambia Mwalimu Fabiano amwite mwanangu. Akasema si utaratibu. Mama Dorkas akamwambia, "Na mtu akifa mstarini, huo ndio utaratibu?" Akamwita.

Alute akaja. Tukamkalisha kivulini mwa lori. Mikono ndani ya debe, gunia shingoni, uji wa baridi wenye chumvi. Watu wakaja kutazama. Mwanamume mmoja akasema, "Wanamwosha kama maiti." Nikamwambia, "Maiti hakimbii. Subiri uone."

Akaniuliza, "Mama, unasemaje?" Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji. Kwenye bega kuna sugu ya mzega. Nikaigusa. Nikamwambia, "Kimbia." Hilo ndilo neno ulilotaka nitamke. Nimelitamka.

Tukatangulia Singida kwa lori. Jua hilo sijui nikueleze vipi. Kwanza alikuja kijana wa Misigiri, halafu askari mmoja, halafu Alute. Nyuma yake muda mrefu hakukuja mtu. Wengi walilazwa chini ya miti njiani, na mmoja alikuwa anaita watu ambao hawapo, kama yule wako wa Mitundu. Mwanangu alifika kwa miguu yake. Alikuwa analowa jasho. Nilimshika shavu, halikuwa la kuchoma.

Wamechukua wawili. Yeye ni wa tatu. Mwalimu anasema mwakani. Alute hakulia. Aliniuliza kama mguu umechoka na safari.

Sasa jambo langu. Wewe umemlaumu mtoto kwa kuficha. Umeandika uliwezaje. Yeye alitaka kukuandikia siku ile ile, alishika kalamu analia. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisema baba yako akijua ataacha kazi aje, au atakataza mbio. Ukakataza kweli.

Na jingine. Wewe unafikiri nilitumwa. Sikutumwa. Siku ile nilimwona anarudi kutoka kwenye mwamba bado ana pumzi. Nilikuwa sijawahi kuona mtu wa nyumba hii anarudi kutoka mahali akiwa hajachoka. Wewe ukija likizo unalala siku nne. Mimi nachoka hata nikiwa nimelala. Nikaingia ndani nikakaa, nikasema, kumbe inawezekana. Ndiyo maana nilikwenda kisimani mchana. Nilijua sheria. Nilikwenda.

Nilipokuwa ndani ya mchanga sikuweza kupiga kelele, kifua kimebanwa. Niliogopa sana, Baba Alute. Hilo sijamwambia mtu, hata Mama Dorkas.

Ninyi wawili mmeandikiana mwaka huu mambo ya maji, barua kwa barua. Maji ya asubuhi, maji ya mchana, maji mpaka kifuani. Hakuna aliyeandika, muulize mama yako. Sasa najua kusoma. Ukiwa na neno la maji, niandikie mimi.

Rudi mferejini. Idrissa anasema kweli, na mimi sitaki mume wa kufagia kambi.

Asubuhi ya kwanza baada ya mbio niliamka nikachukua fimbo, nikasema nitajikongoja mpaka korongoni, maana mbio zilizomfanya ateke zimekwisha. Madebe hayakuwepo. Nilikaa mlangoni. Jua lilipotoka nikamwona anakuja na mzega, taratibu, asimwage. Vijana wenzake walikuwa barabarani wanamwambia, "Kambale, mbio si zimekwisha?" Aliyamimina mtungini, akarudi tena.

Mguu wangu unapona. Mwezi ujao nitaweza. Lakini maji bado analeta yeye, na mimi sijamwambia aache. Na wewe usimwandikie aache.

Mkeo,
Luciana